Maduhu, Mtu Aliyeogopa Kushuka

Aliyeutaka mlima ni mdogo wangu Maduhu. Mimi nilikwenda kwa sababu mama yetu alisema hamwachi mwanawe aende kufa peke yake, na kati ya watoto wake wote ni mimi tu ninayemuweza Maduhu. Nayaandika haya kwa ajili ya watu wa kwetu Samuye na wateja wangu wa Kahama, ambao kila nikipakua wali wananiuliza, "Mama Kulwa, kulikuwaje huko Kilimanjaro?" mpaka chakula kinapoa. Sasa wasome, waniache nipike.

Maduhu alianza kuchimba dhahabu upande wa Geita kabla hajaota ndevu. Mwaka juzi mwamba uliporomoka ukaziba mdomo wa duara, yaani shimo lao la kuchimbia, naye akakaa chini gizani na wenzake mpaka walipofukuliwa. Wawili hawakutoka hai. Yeye alitoka bila hata jeraha la kufunga bandeji, tukachinja mbuzi tukamshukuru Mungu, tukadhani yamekwisha. Kumbe kuna kitu kilibaki kule chini. Kila alipofungwa kamba ashuke kazini, miguu ilikataa. Hata kisima cha mama, ambacho kila kiangazi lazima mtu ashuke azoe tope, alifika ukingoni akatetemeka, akakaa kwenye majani kama mgonjwa wa homa. Wachimbaji ni watu wa maneno. Wakambandika jina la Mwenyekiti, eti kwa kuwa kazi yake sasa ni kukaa.

Siku moja alikuja mgahawani kwangu, akasikia redioni habari za watu wanaokufa Kilimanjaro kwa kukosa hewa. Akaacha kijiko.

"Dada, mimi nimeshaishi bila hewa. Huko ndiko pangu. Nikifika kileleni, nani ataniita tena Mwenyekiti? Na kule unapanda tu, hushuki."

"Na kurudi? Utaletwa na kunguru?" nikamuuliza.

Hakucheka. Hapo nikajua jambo limemkaa rohoni. Akakutana na wakala mmoja wa Moshi aliyekuwa anakusanya Watanzania wapande kwa pamoja, mambo yakaiva. Mama alipopata habari akanitumia ujumbe kwamba anataka kuniona, nami nikajua nimekwisha.

Samuye, tulimkuta mama anapeta choroko. Tulimsalimu, akaitikia bila kuinua macho. Kisha akaweka ungo chini, akamtazama Maduhu.

"Ng'wanawane, mwanangu, unatafuta nini huko juu?"

"Nguvu zangu, mayu," akamjibu mama.

"Haya. Nenda na dada yako. Akisema rudi, rudi." Akatufungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, pamoja na karanga, akatuombea kwa Bikira Maria na kwa mababu pia, asiache mlango wowote bila kubisha hodi.

Kahama tuliondoka na basi la alfajiri. Nzega tulipita watu wanafungua maduka, Igunga jua likiwa kali, Singida tukanunua kuku wa kuchoma. Maduhu alikaa dirishani akijigamba kwa abiria. Tulipokaribia Katesh likatokea mbele yetu jabali kubwa limejifunika wingu kichwani, naye akanishika mkono kwa nguvu.

"Dada! Ndio huo?"

Abiria wa nyuma akaangua kicheko. "Huo ni Hanang, ndugu yangu. Kilimanjaro bado sana."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, maana mtu aliyekuwa anajigamba tangu Tinde sasa alikuwa amekodoa macho kama mtoto aliyeahidiwa sindano. Ila nilipoutazama ule Hanang vizuri, na nikafikiri kwamba tunakokwenda ni karibu mara mbili yake, kicheko kikaniishia mwenyewe.

Moshi, mlima haukuonekana. Kutwa nzima mawingu. Ilipofika jioni nilikuwa uani kwenye nyumba ya wageni nikianika khanga, nikainua macho kutafuta nyota, nikakuta theluji juu kabisa, mahali ambapo kwetu tunaweka mwezi. Nilimwita Maduhu. Tulisimama pale pamoja, na kusema kweli niliogopa.

Langoni Marangu tulikutana na kiongozi wetu, Mchaga mwembamba wa makamo aitwaye Elibariki. Alitukagua viatu, akatukagua na nyuso.

"Shikamooni wazee wa mpunga," akasema kwa utani, ingawa umri wetu ulikuwa karibu sawa. "Nyie watu wa tambarare mna nguvu, najua. Mimi nimeshashusha wanajeshi kwa machela, na nimeshafikisha juu bibi mwenye wajukuu. Mlima huu hauangalii misuli. Ukiumwa kichwa, niambie. Ukitapika, niambie. Anayenificha ndiye anayenitia kazi."

"Mimi siumwi," akajibu Maduhu.

"Utaumwa, kaka. Hata mimi naumwa."

Siku ya kwanza ni msitu, baridi ya kupendeza na kima wanaotuchungulia. Tulitembea mwendo wa maharusi. Maduhu alikereka, akatangulia, akarudishwa; akatangulia tena, akarudishwa. Waliotupita ni wapagazi tu, vijana na watu wazima, mizigo kichwani na mgongoni, wengine wamevaa viatu ambavyo mimi nisingeendea hata sokoni. Wakitupita wanasalimia. Mimi nabeba magunia ya mchele tangu usichana, najua uzito ukimkalia mtu shingoni unavyomfanya, na nasema hivi: watu wale waheshimiwe. Mkipanda mlima ule, mkapigwa picha juu, jueni kilichowafikisha ni shingo za watu.

Horombo, siku ya pili, mawingu yalikuwa chini yetu. Hapo ndipo njia ya wanaopanda inakutana na ya wanaoshuka, nami nilikaa kwenye ngazi ya kibanda nikiwatazama kama mtu aliye stendi. Kijana mmoja, kifua kama mlango wa ghala, aliletwa amelala kwenye machela ya gurudumu moja, watu sita wakiikimbiza juu ya mawe, midomo yake imekuwa ya bluu. Nyuma yake akashuka mwanamke mwenye miguu myembamba kama ya korongo, anaimba. Alikuwa amefika kileleni. Nikamwambia Maduhu aangalie vizuri. Akaangalia, akaanza kutembea polepole bila kuambiwa.

Usiku huo, tukiwa tunakunywa supu, akaniuliza ghafla, "Dada, kwa baba kuna ng'ombe gani?"

"Umeanza wazimu?"

"Jibu."

Elibariki akataka kujua maana yake. Maduhu akamweleza kwamba kwenye duara lao, anayeshika kamba juu hana macho ya kumwona aliye chini, ana sauti tu. Hewa ikichafuka chini, mtu hajui kwamba imechafuka. Anajiona yuko sawa, pengine anafurahi kabisa. Kwa hiyo wa juu anamuuliza wa chini kuhusu ng'ombe wa kwao. Msukuma anaweza kusahau siku aliyooa, lakini ng'ombe wa kwao hakosei. Akikosea, hakuna kuulizana mara ya pili, anavutwa.

"Basi jibu, dada," Elibariki akasema huku akicheka.

Nikajibu. Mweusi wa pembe moja, majike mawili ya kijivu, ndama wa yule mkubwa. Maksai mwekundu tulimchinja kwenye msiba wa baba, hayupo.

"Mzima," akasema Maduhu.

Kibo, kibanda cha mwisho, hakuna jani wala mdudu. Ni mawe na upepo, na maji yenyewe hubebwa kutoka chini. Kichwa kiliniuma, nikamwambia Elibariki. Akanibana kidole na kile kifaa chao cha kupima hewa kwenye damu, akanipa dawa, akanilaza, akanipima tena, akasema naweza kujaribu lakini atakuwa pembeni yangu. Chakula hakikupita, hata michembe ya mama. Maduhu alikula vyake na vyangu. Elibariki alimpima naye, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Wewe bwana umezaliwa huku? Wewe unafika."

Sikuwa nimemwona mdogo wangu na uso ule tangu ajali. Alitabasamu akageukia ukutani ili tusimwone.

Tuliondoka kabla ya mapambazuko. Kundi letu lilikuwa mbele na msaidizi wa Elibariki. Sisi watatu tulifuata nyuma. Njia ni changarawe na vumbi, unapanda hatua moja unateleza nusu, na kila pumzi unaivuta kama unanyonya uji mzito kwa mrija. Niliwaona watu wazima wakikaa kwenye mawe na kulia. Niliwaona pia waliolia wakainuka wakaendelea, na wale niliwavulia kofia. Jua likachomoza chini yetu, jekundu, na ukingo wa mlima ukaonekana wazi juu, na watu wadogo wamesimama pale wanakumbatiana. Kilele chenyewe kiko mbele zaidi ya hapo, lakini Elibariki alisema Maduhu akifika ukingoni, kwingine ni matembezi.

Kuanzia hapo nasimulia kwa midomo ya wengine, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwepo. Nilikuwepo kwa miguu tu.

Wanasema nilianza kuwa mchangamfu. Nilivua glavu, nikasema joto limezidi, nikawasifia kwamba mlima wao ni mzuri ila hauna kivuli. Kisha nikawa napepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Elibariki alikuwa anafungua mkoba wake atoe kile kifaa wakati Maduhu aliponijia mbele, akanishika mabega.

"Dada, kwa baba kuna ng'ombe gani?"

"Maksai mwekundu," nikasema, na nilisema kwa furaha. "Baba anamkamua sasa hivi. Subirini maziwa."

Maksai hakamuliwi hata na mwendawazimu, na baba yetu tumemzika.

Maduhu hakungoja kifaa. Alinikamata mkono akaanza kunivuta juu, kwa nguvu zote, mawe yakiruka nyuma ya viatu vyake. Elibariki akamkimbilia akamshika kiunoni.

"Unampeleka wapi?"

"Kwenye hewa!" Maduhu akapiga kelele. "Amekosa hewa, nampeleka juu!"

Tangu utoto wake kazi aliyoijua ni moja: mwenzako akiishiwa hewa, mvute juu, juu ndiko uhai uliko. Kama Elibariki angekuwa mbali kidogo, mdogo wangu angeniua kwa upendo.

"Kaka, sikiliza. Huku hewa iko chini. Kila hatua ya juu inamuua. Chini, upesi!"

Wanasema Maduhu aliganda. Akatazama chini. Kutoka pale unaona mteremko wote mpaka vibanda vya Kibo, ambavyo ni kama punje za mahindi, na changarawe imesimama wima kiasi kwamba ukirusha jiwe husikii likikoma. Mikono ikaanza kumtetemeka, ile ile ya ukingoni mwa kisima.

Elibariki aliliona hilo, ingawa hakujua sababu yake. Ni mtu mwema. Akamwambia, "Wewe una nguvu, kilele chako hiki hapa. Msaidizi wangu yuko juu anakusubiri. Nenda. Mimi nitaanza kumshusha dada yako, napiga simu Kibo, mpagazi atapanda kunisaidia."

"Atafika saa ngapi huyo mpagazi?"

"Atachelewa kidogo."

Maduhu akatazama juu mara moja. Watu walikuwa bado wanakumbatiana, na mmoja wao alimpungia mkono aje. Kisha akavua mkoba wake akauacha kwenye mwamba, akafungua khanga niliyojitanda chini ya koti, akaipitisha kiunoni kwangu na kiunoni kwake, akakaza fundo.

"Twende," akamwambia Elibariki. "Usiniache nisimame. Nikisimama sitaendelea."

Wakaniweka katikati, wakajitosa. Wanaoijua njia ile hushuka kwa kuteleza, kisigino kinazama, changarawe inaporomoka na wewe, vumbi linawafunika, na mawe yanatoa mngurumo. Kwa wengine ni mchezo. Kwa Maduhu ulikuwa mngurumo ule ule wa siku duara lilipozibika. Elibariki aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote hajamwona mtu akiogopa namna ile na miguu yake ikiendelea kwenda. Meno yalikuwa yanagongana. Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la uso. Alikuwa akiita majina ya wale wenzake wawili, mmoja baada ya mwingine, na katikati ya majina anaimba wimbo mmoja wa kulimia wa kwetu kwa sauti ya kukatika, na kila miguu yangu ilipokataa alinibeba mgongoni, mimi Mama Kulwa, ambaye mnajua nilivyo.

Kitu kimoja nakikumbuka mwenyewe. Nakumbuka shavu langu likiwa limelala juu ya mgongo unaotetemeka. Nilidhani ni baridi, nikajaribu kumfunika.

Kibo nilipewa hewa ya mtungi, nikafungwa kwenye ile machela ya gurudumu moja niliyokuwa naitazama kwa huruma juzi yake. Horombo, jioni, akili ilirudi kama mtu anayerudi kutoka sokoni, polepole na kwa mafungu. Kwanza nilisikia njaa. Kisha nikamwona Maduhu amekaa kitandani kwangu, uso wote kijivu cha vumbi, hajanawa.

"Ulifika?" nikamuuliza.

"Kula kwanza."

"Maduhu. Ulifika?"

"Supu inapoa, dada."

Elibariki, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyenisimulia. Alipomaliza nililia, na sikulia kwa ajili ya kupona. Nilijua kijana huyu alikuwa amekuja kufuata nini, na nilijua sitaweza kumlipa. Nikamwambia Maduhu, "Wabeja, ng'wanawane," yaani asante, mwanangu. Akajifanya anafunga kamba za viatu.

Kesho yake tuliagana na Elibariki langoni. Alimpa Maduhu mikono yote miwili. "Kaka, njoo tena upande. Nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Labda," akasema Maduhu. "Mlima haukimbii."

Samuye mama hakuuliza habari za kilele. Alitushika vichwa mmoja mmoja, akatukalisha, akatuwekea ugali na nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, akatutazama tukila mpaka tulipomaliza. Nilimsimulia yote. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alimwongezea Maduhu mboga bila kuombwa.

Siku chache baadaye Maduhu akasema anakwenda Geita, na mimi nikasema naandamana naye. Njia nzima nilipanga maneno ya kuwaambia wale wachimbaji. Tulipofika walikuwa wamekaa kwenye kifusi wakinywa chai, wakatuona, wakaanza kupiga miluzi.

"Mwenyekiti! Umefika kileleni?"

"Sikufika."

Wakacheka, mmoja akamwaga chai yake. Nikafungua mdomo, na mnajua nikifungua mdomo. Maduhu akanishika mkono.

"Acha, dada. Ni kweli sikufika."

Akaenda kwa msimamizi wao, mzee mmoja asiye na maneno mengi, akaomba kofia na kamba. Vicheko vikapungua. Akajifunga mwenyewe. Pale mdomoni mwa duara mikono ikaanza kutetemeka tena, kila mtu aliona, na yeye hakuificha. Nikamwona anavuta pumzi, anaanza ule wimbo wa kulimia chinichini, anashuka hivyo hivyo anatetemeka, mpaka kofia ikapotea gizani.

Alikaa kule chini kiasi cha mtu kusali na kuongea kidogo na marehemu. Hatukusikia anasema nini. Aliye kwenye kamba alimuuliza yale yao ya ng'ombe, akajibu bila kukosea. Alipovutwa juu alikuwa na udongo magotini. Akafungua kamba, akavua kofia, akampa msimamizi kwa mikono miwili.

"Mzee, kuanzia leo naacha kazi. Nakwenda kulima mpunga kwa mama."

Yule mzee alimtazama, kisha akawatazama vijana wake kwenye kifusi. Hakuna aliyepiga mluzi. "Nenda, baba," akasema. "Umeaga vizuri."

Mlimani niliwaona watu wengi wenye nguvu, na nawaheshimu wote: wapagazi, yule mwanamke wa miguu ya korongo, wale waliolia wakainuka. Nilijifunza pia kwamba akili ya mtu ni kitu chepesi, upepo kidogo tu unaipeperusha, na siku hiyo uhai wako unakuwa mikononi mwa aliye karibu nawe. Basi mkiniuliza tena wakati napakua wali, nani shujaa katika wote niliowaona kule, nitawajibu mara moja nisirudie. Ni yule aliyeteremka akilia hadharani, anaogopa kila hatua, na hakunifungua.